Samaki Anapokuuma, Anataka Nini?

Juni 2025, katika ziwa la Brombachsee, jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, kambare mkubwa wa Ulaya mwenye urefu wa karibu mita mbili aliwauma watu kadhaa waliokuwa wakiogelea. Majeraha yalikuwa mepesi, hofu ndiyo iliyokuwa kubwa. Kandokando ya ziwa kulikuwa na tamasha, na polisi wakaamua kumpiga risasi. Habari ikazunguka dunia, na samaki akawa zimwi. Swali lililopaswa kuulizwa kwanza halikusikika sana: Juni ni mwezi gani katika maisha ya samaki yule?

Ni msimu wa kuzaliana. Kambare huyo hutaga maji yakishapata joto, na dume ndiye anayebaki kwenye kiota akilinda mayai mpaka yaanguliwe. Mguu wa mwogaji unaokatiza juu ya kiota hicho, kwake ni adui sawa na adui mwingine yeyote. Hawezi kuumeza mguu, na hakusudii kuumeza. Anataka uondoke.

Nimeanza mbali kwa makusudi, kwa sababu kosa lililofanyika Bavaria ndilo tunalolifanya kila siku kwenye mialo ya Victoria, Tanganyika, Rukwa na kwingineko. Samaki akiuma, tunasema ni mkali, basi, mazungumzo yameisha. Lakini samaki anayelinda watoto, samaki anayetafuta mlo na samaki anayepigania roho yake ndani ya mtumbwi wako wanafanya mambo matatu tofauti. Ukiyachanganya, utamwogopa asiyekudhuru na kumzoea atakayekudhuru. Na hilo la pili ndilo linalowapata wavuvi wengi.

Tuanze na kamongo, maana ndiye anayesingiziwa mengi katika ukanda wa Ziwa Victoria. Ni samaki mrefu, mwenye mwili wa mviringo na mapezi membamba yanayoning'inia kama kamba, na wale wakubwa hufikia mita mbili. Ana mapafu. Kamongo mzima hupata sehemu kubwa ya hewa yake kwa kupanda juu na kuvuta pumzi, si kwa matamvua. Akinaswa na wavu chini na kuzuiwa kufika juu, anakufa kwa kukosa hewa humohumo majini. Kiangazi kikikausha kinamasi, jamii yake huweza kujichimbia kwenye tope, kujifunika kwa ute unaokauka na kuwa gamba, kisha kungoja mvua kwa miezi mingi.

Hapo ndipo penye ufunguo wa kisa chake na wavuvi. Sato ukimtoa majini anapapatika kidogo, kisha ananyamaza. Sangara naye hachukui muda. Kamongo akiingia mtumbwini yeye ameingia tu mahali pengine penye hewa. Saa moja baadaye bado yupo hai, ameinamisha kichwa chini ya ubao, na mvuvi aliyekwisha kumsahau anapeleka mguu pekupeku palepale. Kinywani hana meno ya ncha kama ya mbwa. Ana mabamba magumu yenye makali, aliyopewa kwa ajili ya kusaga konokono na kombe. Taya inayovunja gamba la konokono haioni taabu kwa kidole cha mtu. Ndiyo maana wavuvi wenye uzoefu humpiga rungu la kichwa kabla hata hajagusa sakafu ya mtumbwi. Kwa mtazamaji inaonekana ukatili. Mwenye vidole kumi kamili anajua kwa nini.

Kuna kisa cha pili cha kamongo, na hiki ndicho kinachofanana na cha Bavaria. Msimu wa mvua, maji yanapofurika kwenye mafunjo, dume huchimba kiota kwenye matope ya kinamasi, majike wakataga humo, naye hubaki akilinda mayai na watoto kwa wiki kadhaa. Watoto huzaliwa na matamvua ya nje yanayoonekana kama manyoya. Katika siku hizo kamongo hamkimbii mtu. Anayepita akikata mafunjo au akitega migono kwenye kingo anaweza kushtukia ameng'atwa na samaki ambaye hakumchokoza. Kwa kadiri anavyojua mvuvi, hakumchokoza. Kwa kadiri anavyojua kamongo, amevamiwa nyumbani.

Miongoni mwa Waganda, kamongo ni mwiko wa ukoo mkubwa wa Mmamba, na wana ukoo hawamli. Ng'ambo ya pili ya ziwa watu wanamla bila wasiwasi. Lakini mafunjo anayozalia yamekuwa yakikatwa na kugeuzwa mashamba, na watafiti wa Ziwa Victoria waliona upungufu wake tangu miongo kadhaa iliyopita. Ajabu ni kwamba huko Baringo, Kenya, alikopandikizwa katika miaka ya 1970, alistawi mpaka akawa mmoja wa samaki wanaotegemewa na wavuvi wa ziwa lile.

Habari ya kiota imefanyiwa utafiti mzuri zaidi kwa samaki ambaye jina lake linatisha kuliko wote: piranha wa Amerika Kusini. Sifa yake ya kumla mtu mpaka mifupa ilienezwa sana na Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, baada ya safari yake ya Brazil ya 1913 na 1914. Watu wamekuwa wakiogelea kwenye mito ile tangu enzi na enzi, na maiti zinazokutwa zimeliwa mara nyingi ni za watu waliokwisha kufa maji. Kisha, mwaka 2003, watafiti wa Brazil Vidal Haddad na Ivan Sazima wakaandika kuhusu waogaji walioumwa kwenye mabwawa ya jimbo la São Paulo. Walichokikuta hakikuwa kundi linaloshambulia. Kila mtu alikuwa na jeraha moja, mara nyingi mguuni. Mito ilikuwa imezibwa kwa mabwawa, maji yakatulia, magugumaji yakasambaa, na samaki wale wakapata mahali pazuri pa kutagia, palepale wanadamu walipotengeneza fukwe za kuogelea. Mzazi aliuma mara moja, mtu akatoka mbio, kazi ikaisha.

Naomba msomaji asiielewe hoja hii kuwa ni utetezi wa samaki. Siku ya Krismasi 2013, huko Rosario, Argentina, watu wapatao 70 waliumwa na jamaa wa piranha katika mto Paraná wakati wa joto kali, na mtoto mmoja alipoteza sehemu ya kidole. Jeraha ni jeraha. Ila anayejua sababu anajua pia la kufanya: kukwepa kingo zenye magugu wakati wa kutaga, na kutoingia tena pale ulipoumwa. Ushauri huo haupatikani kwa anayeishia kusema samaki ni shetani.

Sasa mbenga, kama wanavyomwita Kongo. Ni samaki wa kuwinda kwelikweli. Meno yake yako nje hata akifumba mdomo, yamepishana ya juu na ya chini, na mwili wake umeumbwa kwa mbio. Aina kubwa kuliko zote hupatikana katika mto Kongo, Lualaba na Ziwa Tanganyika. Rekodi ya uvuvi wa ndoana ya aina hiyo ni kilo 44, samaki aliyevuliwa karibu na Kinshasa mwaka 1988. Tanzania tuna jamaa zake wadogo katika Rufiji, na Turkana wapo wengine. Visa vya mbenga kumrukia mtu vipo tele midomoni. Mimi nikitazama meno yale ninaelewa vinatoka wapi, lakini windo lake ni samaki, na mtu mzima hayumo kwenye orodha yake. Anachokifanya ni kukata uzi, kunyoosha ndoana na kutoboa mkono wa anayejaribu kumtoa ndoana kwa vidole badala ya koleo. Mvuvi anayemwinua mbenga kwa mkono mmoja ili apigwe picha, ajue kwamba samaki bado hajakubali kushindwa.

Hata hivyo kuna jambo moja la mbenga linalopaswa kutupa adabu sisi tunaopenda kusahihisha hadithi za wavuvi. Kwa miaka mingi watu wa kusini mwa Afrika walisema wamewaona mbenga wakiruka na kudaka ndege angani. Wasomi walitabasamu. Mwaka 2014 watafiti wa Afrika Kusini wakachapisha ushahidi wa picha za video kutoka bwawa la Schroda, karibu na Mapungubwe: mbenga akitoka majini na kumdaka mbayuwayu anayepita akiruka chini chini juu ya maji. Na halikuwa tukio la bahati. Kwa siku moja wangeweza kudakwa mbayuwayu hadi 20. Wavuvi walikuwa wamesema kweli muda wote.

Kisa kikubwa zaidi cha namna hiyo kinahusu umeme, na hapa itabidi tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye mkanganyiko mkubwa.

Katika Ziwa Tanganyika, Mto Kongo na Nile anaishi kambare wa umeme. Mtu asiyemjua humdhania kambare wa kawaida aliyenona kupita kiasi: mwili mnene, ngozi laini isiyo na magamba, rangi ya kijivu au kahawia yenye madoa, macho madogo, sharubu jozi tatu. Alama ya kumtambua ni mgongo. Kambare tunayemla ana pezi refu linalokwenda mgongo mzima. Huyu mgongo wake ni mtupu, ana kijipezi kimoja tu cha nyama karibu na mkia. Ukiona hivyo, mkono rudisha. Wamisri wa kale walimjua: amechorwa kwenye kaburi la ofisa aliyeitwa Ti huko Saqqara, picha yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, tena akiwa katikati ya shughuli za uvuvi.

Nguvu yake inaweza kufikia volti 350 hivi. Inatoka wapi? Chini ya ngozi, kuuzunguka mwili wake karibu wote, kuna kiungo kilichotokana na misuli ambayo katika safari ndefu ya vizazi iliacha kazi ya kujikunja na kubaki na kazi ya kutoa umeme. Kila seli ya kiungo hicho hutoa umeme mdogo sana, takriban sehemu moja ya kumi ya volti. Lakini seli zimepangwa kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, kama betri za tochi zinavyopangwa kichwa kwa mkia, na zote hufyatuka kwa pamoja kwa amri moja ya neva. Elfu kadhaa za vijiumeme hivyo zikijumlishwa, unapata kile kinachomtupa mvuvi nyuma.

Kwa nini volti ziwe nyingi kiasi hicho? Kwa sababu ya maji. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, maji baridi huuzuia. Taa wa umeme, yule samaki bapa wa baharini, amepanga seli zake nyingi sambamba, hivyo volti zake ni chache lakini mkondo ni mkubwa. Samaki wa mtoni na ziwani hana anasa hiyo, lazima asukume kwa nguvu ili umeme upenye. Ndiyo sababu wababe wa volti wote wanaishi kwenye maji baridi.

Mshtuko huo haumuui mtu mzima mwenye afya. Nasema hivi kwa uwazi kwa sababu kwenye mialo utasikia vinginevyo. Unachofanya ni kukaza misuli ghafla, kumwachisha mtu alichoshika na kumpotezea mizani. Kwenye nchi kavu ni kelele na kicheko cha wenzako. Kwenye mtumbwi mwembamba usiku, mbali na ufuko, kwa mtu asiyevaa jaketi la kuokolea maisha, kupoteza mizani ni habari nyingine kabisa. Anayemuua mvuvi wa namna hiyo ni ziwa, ingawa kesho yake kambare ndiye atakayetajwa.

Umeme hausafiri vizuri kwenye uzi mkavu wa nailoni. Hatari iko kwenye ngozi ya samaki yenyewe, kwenye wavu uliolowa na kwenye chuma: mkuki, kulabu, waya. Baada ya kufyatua mara kadhaa mfululizo nguvu yake hupungua, akapumzika, kisha hurudi. Kwa hiyo ukimwona ametulia usidhani amekwisha. Kata uzi umwachie, au msukume kwa kipande cha mti mkavu. Na yeye mwenyewe je, mbona hajipigi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kambare huyu hasumbuliwi na umeme wake, wala hashtuki hata akipigwa na umeme unaotoka nje, ilhali samaki waliokuwa naye walishtuka. Mwili wake umejikinga kwa namna inayoendelea kuchunguzwa.

Kuna samaki mwingine ambaye wavuvi wa Victoria wanamvua kila siku bila kujua kuwa naye ana umeme: domodomo, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda chini. Umeme wake haufiki hata volti chache, na mkono wa mtu hauuhisi. Kwake ni macho ya usiku. Hutoa umeme mfululizo na kuhisi jinsi vitu vya jirani vinavyoupinda, akapata chakula kwenye tope na giza. Jambo hilo lilianza kueleweka mwaka 1951, Hans Lissmann wa Cambridge alipoandika kuhusu samaki wa Afrika anayetoa ishara za umeme bila kukoma kutoka mkiani. Umeme mmoja, basi, una matumizi mawili: kupiga na kuona.

Na wale mikunga wa umeme wa Amerika Kusini, ambao kusema kweli si mikunga bali ni jamaa wa mbali wa kambare, ndio mabingwa. Aina iliyotambuliwa mwaka 2019 ilipimwa ikitoa volti 860. Lakini kisa ninachokipenda ni cha mwaka 1800. Msafiri Mjerumani Alexander von Humboldt alikuwa Calabozo, katika nchi ya Venezuela ya leo, akitaka kuwapata samaki hao. Wenyeji wakamwonyesha mbinu yao: wakaswaga farasi kadhaa ndani ya dimbwi. Samaki wakajitupa juu ya farasi na kuwapiga umeme, farasi wengine wakazama, mpaka samaki wakachoka na kuvuliwa. Humboldt aliandika yote. Kwa zaidi ya karne mbili wasomi wengi waliona ametia chumvi: samaki gani aache maji amrukie farasi?

Mwaka 2016, Kenneth Catania wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, akachapisha jibu. Aliwaona mikunga wake wa maabara wakiruka kutoka majini na kuugandamiza mwili wao kwenye kitu chochote cha chuma kilichowakaribia. Sababu ina mantiki: samaki aliyebaki kwenye dimbwi linalokauka hana pa kukimbilia. Umeme ukitolewa majini husambaa pande zote, lakini samaki akimgusa adui moja kwa moja juu ya maji, sehemu kubwa zaidi ya umeme hupita mwilini mwa adui. Mwaka uliofuata Catania alijipima kwa mkono wake mwenyewe. Sikushauri umwige.

Kumbe basi ukali ule wa Calabozo ulikuwa wa mnyama aliyezingirwa. Dimbwi likiwa na njia ya kutokea, samaki yuleyule angejiendea zake. Mvuvi wa kokoro, wavu unaokusanya kila kitu na kukileta ufukweni kwenye maji ya kufika magotini, anatengeneza dimbwi la Calabozo kila anapovuta.

Sasa nimfikie ambaye kwa maoni yangu ndiye msumbufu namba moja, ingawa hakuna anayemtungia hadithi: gogogo, wengine humwita ngogo. Hana meno ya kutisha, hana umeme wa kumpiga mtu, hazidi ukubwa wa kiganja au viwili katika aina nyingi. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kwenye kila pezi la ubavuni. Akitishwa huisimamisha yote na kuifunga. Kuifunga hasa: kuna kifundo kwenye shina la mwiba kinachoingia kwenye tundu la mfupa, na baada ya hapo hata ukiusukuma kwa nguvu haulali, utavunjika kwanza. Akiwa amesimamisha miiba hivyo, anayemmeza, awe ndege, samaki mkubwa au kenge, anaweza kukwamwa kooni. Ile sauti ya kukwaruza unayoisikia akitolewa majini ni shina la mwiba likisuguana na tundu lake. Anatoa onyo.

Gogogo hamshambulii mtu hata kidogo. Mtu ndiye anayemfuata. Anajinasa kwenye wavu kwa miiba yake, anauzungusha uzi mara kumi, na mvuvi aliyechoka saa kumi alfajiri anaanza kumnasua gizani kwa mikono iliyolowa na kulainika. Mwiba una vijimeno kama vya msumeno, hivyo kutoka kwake kunaumiza kuliko kuingia. Juu ya hapo, utafiti wa Jeremy Wright wa mwaka 2009 ulikadiria kuwa aina zaidi ya 1,200 za jamii ya kambare duniani zina tezi za sumu kwenye miiba, na ndugu zake gogogo wamo. Sumu hiyo kwa kawaida si ya kuua, bali ni ya kufanya mkono uvimbe na kuwaka maumivu kupita kiasi cha jeraha lenyewe. Wavuvi wengi huvunja miiba kwa koleo kabla ya kumtoa wavuni, na wanafanya vyema.

Nisiondoke kwa gogogo kabla ya kutaja ndugu yake wa Ziwa Tanganyika mwenye madoadoa, ambaye tabia yake ni ya kuchekesha na kusikitisha. Katika ziwa hilo wapo samaki wengi wanaoatamia mayai mdomoni. Wakati jike wa samaki hao anataga na kuyaokota mayai yake, gogogo hujipenyeza na kutaga ya kwake hapohapo. Mama huyaokota yote. Vifaranga vya gogogo huanguliwa mapema na kuwala watoto wa mwenye mdomo. Ulimwengu wa kisayansi ulilijua hili mwaka 1986, kwa kazi ya mtafiti Mjapani Tetsu Sato.

Swila wa maji, nyoka wa Ziwa Tanganyika, nitampitia haraka. Ana sumu kali ya neva, anafikia zaidi ya mita mbili, na chakula chake ni samaki. Si mgomvi, mara nyingi akimwona mtu hupiga mbizi. Anaingia kwenye nyavu kufuata samaki walewale unaowafuata wewe, kwa hiyo ajali hutokea mvuvi anapopapasa wavu bila kutazama. Kenge naye huiba chambo, na akinasa ndoana anauma, anaparura na kuchapa kwa mkia. Kata uzi.

Hadi hapa hatujataja kiumbe hata mmoja anayemtaka mtu kwa ajili ya kumla. Yupo, na si samaki. Mamba wa Nile, akishafika ukubwa fulani, mtu ni windo lake sawa na swala. Hana hasira nasi wala hana kisasi. Anavizia, na silaha yake ni kumbukumbu: anajua ni wapi watu huoshea nyavu, huparia samaki na kuchota maji, na ni saa ngapi. Mvuvi anayesafisha samaki akiwa amesimama majini mahali palepale kila jioni anamfundisha mamba ratiba, tena anamwekea na harufu ya damu.

Kwa mamba pia hadithi hukua kuliko mnyama. Yule maarufu wa Burundi aliyepewa jina Gustave, aliyeonekana kwenye mto Rusizi na kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, anasemwa kuwa ameua watu 300. Idadi hiyo haijawahi kuthibitishwa. Ninachokiona ni kwamba jina moja likishapatikana, kila anayepotea majini anaandikwa kwenye hesabu yake, na mamba wengine wa mto uleule wanabaki bila lawama wala tahadhari.

Kiboko hali nyama ya mtu kama windo, na bado mtumbwi mdogo una kila sababu ya kumwogopa. Mchana usalama wake ni maji ya kina. Mtumbwi ukikaa kati yake na kina hicho, au kati ya jike na ndama wake, anaupindua. Maji ya Naivasha yalipopanda na kumeza ardhi ya kandokando mwaka 2020, watu na viboko walijikuta wakigombea ufuko uleule. Sheria ya wavuvi wa zamani ya kugonga kasia kwenye ubavu wa mtumbwi wanapokatiza matete ina maana: mpe habari mapema, achague njia.

Na kama tunahesabu madhara kwa haki, inabidi tumtaje mdogo kuliko wote. Kichocho kinaenezwa na vijidudu vinavyotoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, bila kuuma, bila kishindo. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 251 walihitaji dawa ya kukinga. Kamongo, yule anayepigwa rungu, ni mmoja wa wanaokula konokono.

Yabaki ya jeraha lenyewe. Ukichomwa na gogogo au kambare mwingine mwenye miiba, tumbukiza sehemu iliyoumia kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, karibu nyuzi joto 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hilo hupunguza maumivu ya sumu. Yapime kwanza kwa mkono mzima, maana mkono wenye maumivu hautambui kuungua. Kisha osha kwa maji safi mengi na sabuni. Usikate jeraha, usilinyonye, usilipake tope la ufukweni wala mafuta ya injini, dawa mbili ninazozisikia zikisifiwa kuliko zinavyostahili. Kipande cha mwiba kikivunjikia ndani, hasa karibu na kiungo cha kidole, usikichokoe kwa ndoana. Kinahitaji zahanati, na pengine picha ya eksirei. Aliyeumwa na kamongo au mbenga afanye vivyo hivyo upande wa kuosha, kwa sababu maji ya ziwa yana bakteria wanaopenda jeraha lenye kina. Mkono ukianza kuwa mwekundu na uwekundu ukapanda, au homa ikaja, usingoje asubuhi. Na muuguzi atakapokuuliza mara ya mwisho ulichanjwa lini dhidi ya pepopunda, uwe na jibu.